Wananchi waitwe kabla bomba halijachorwa

Ndugu mwandishi, umesema wananchi huchelewesha miradi ya kusafisha majitaka yawe ya kunywa. Mimi naona kinachochelewesha ni kuwaita wakati mambo yameshaamuliwa.

Tazama Toowoomba, Australia. Mabwawa yalikuwa yakikauka, mradi ulihitajika kweli. Lakini watu walitakiwa kuamua huku hofu imeshatanda, na Julai 2006 takribani asilimia 62 walipiga kura ya hapana.

Sasa linganisha na Orange County, California. Huko walianza kuzungumza na wakazi, madaktari na vikundi vya jamii miaka kama kumi kabla ya mtambo kufunguliwa mwaka 2008. Waliwaeleza hatua kwa hatua jinsi maji yanavyochujwa, yanavyosukumwa kwenye utando unaozuia chumvi na vijidudu, kisha kupigwa mwanga wa urujuanimno kabla ya kurudishwa ardhini. Mradi umepanuliwa mara mbili tangu hapo.

Sheria ya mazingira ya California ya mwaka 1970 inadai rasimu ya tathmini iwekwe wazi, na kila hoja nzito ya mwananchi ijibiwe kwa maandishi. Hilo la kujibiwa ndilo kiini. Mkutano ambao maswali yanaandikwa tu na kufungiwa kabatini haumshirikishi mtu yeyote.

Anayekunywa maji hayo na kuwapa wanawe ana haki ya kuuliza mapema, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa.