Usiizibe kompaila mdomo

Samahani kwa kimya cha wiki tatu, nilikuwa Njoro nikipigana na programu ya zamani ya ushirika mmoja wa maziwa (jina nalihifadhi). Iliandikwa kwa Turbo C++ kwenye DOS, na Nakuru ilipotangazwa jiji Desemba 2021 ilikuwa bado inachapa malipo ya wakulima kila mwisho wa mwezi. Hatimaye kompyuta ikakata roho. Kazi yangu ikawa kuihamishia Linux, ikompailiwe kwa GCC.

Mara ya kwanza skrini ilijaa makosa mpaka nikaenda kutafuta chai. Wingi huo usikutishe. conio.h haiko Linux, kwa hiyo kila clrscr() inalalamikiwa. iostream.h ni ya kabla ya kanuni za C++ za 1998. Siku hizi ni iostream bila.h, na cout inakuwa std::cout. void main() iwe int main(). Rekebisha kosa la kwanza peke yake, kompaili upya, na mara nyingi mengine kumi yanaondoka nalo.

Lakini moja lilikataa. Kompaila ilisema kugeuza pointa kuwa int kunapoteza sehemu ya thamani. Kwenye DOS, jinsi programu hii ilivyopangwa, zote mbili zilikuwa baiti 2. Kwenye Linux ya biti 64 pointa ni baiti 8, int ni 4. Najua ushauri mtakaonipa: weka -fpermissive, ongeza -w, twende nyumbani. Kweli, kosa lingegeuka onyo, onyo nalo lingezimwa, na programu ingekompailika jioni ileile. Ushauri huo mimi naupinga, tena kwa sauti.

Maana nilijiuliza: kama mwandishi alitegemea ukubwa wa int hapa, ametegemea wapi kwingine? Nikafungua sehemu inayosoma faili la data. Rekodi ya kila mkulima ilikuwa int ya namba yake na long ya kilo za maziwa, zote zimeandikwa kwa mpigo mmoja wa fwrite. Baiti 2 na 4, jumla 6. GCC kwenye mashine yangu inaihesabu rekodi hiyohiyo baiti 16: int 4, nafasi tupu 4, long 8. Na hapo kompaila haisemi neno! Nilipojaribu, mkulima namba 12 mwenye kilo 85 alisomwa kama mkulima namba 5570572. Huyo sijui angelipwa na nani.

Nilibadilisha kuwa int16_t na int32_t, nikadhani nimemaliza. Wapi! Rekodi ikawa baiti 8, kwa sababu kompaila huacha nafasi ya baiti 2 katikati. Ikabidi nisome kila sehemu peke yake.

Kisha tukachapa upya mwezi wa mwisho. Karani alishika rula juu ya karatasi za zamani, akasoma jina baada ya jina, mimi nikijibu kilo kutoka kwenye skrini. Tulimaliza usiku, na hakuna hata kilo moja iliyopotea.

Msimbo wa kusomea faili hilo nitauweka hapa wiki ijayo, umeme ukiniruhusu.