Kukata Sekunde Sita Hakuhitaji Sava ya Mtu

Wasee, kuna hii tabia tumeizoea mpaka tunaona ni kawaida. Umerekodi mahojiano ya nusu saa kwa WAV, sauti safi, haijabanwa. Mwanzoni kuna sekunde sita za "testing, testing, maiki inashika?" Unataka kuzitoa. Unagugo "kata audio bure", unabonyeza saiti ya kwanza, unachagua faili, na ule mstari wa kupakia unaanza kutambaa. Asilimia 3. Asilimia 4. Unaenda kuchemsha chai.

Hebu tupige hesabu. WAV ya kawaida ya stirio, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, inakula baiti 176,400 kila sekunde. Dakika moja imepita MB 10. Nusu saa ni kama MB 317. Unapandisha hiyo yote, halafu unashusha karibu yote tena. Hapo umechoma zaidi ya MB 630 za bando ili utoe sekunde sita zenye uzito wa MB moja hivi. Ni kama kubeba kitanda mpaka kwa fundi ili akutolee uzi kwenye shuka.

Na huko kwa fundi hakuna kazi ngumu inayofanyika. Hapo ndipo nakasirika. WAV, ambayo Microsoft na IBM waliitoa 1991, ni kitu rahisi sana: mwanzoni kuna maelezo mafupi, mara nyingi baiti 44 tu, kisha sampuli zimepangwa moja baada ya nyingine kama watu kwenye foleni ya matatu. Hakuna kilichokunjwa wala kufichwa. Ukitaka kutoa sekunde sita za mwanzo, unaruka baiti 1,058,400 za sauti, unachukua zilizobaki, unarekebisha namba za ukubwa kwenye yale maelezo. Imeisha. Cha kuangalia tu ni usikate katikati ya sampuli, kwa hiyo kwenye stirio ya biti 16 unahesabu kwa nne nne, la sivyo utapata kelele. Hata ubora haupungui, kwa sababu hakuna kinachobanwa upya. Niliacha kampasi kabla nimalize na hii hesabu naiweza, kwa hivyo msiniambie ati inahitaji mashine kubwa huko Ulaya.

Brauza uliyonayo kwenye simu, iwe Chrome, Firefox au Safari, inaruhusu ukurasa kusoma kipande cha faili uliyochagua bila kuipeleka popote. Kwa hivyo mwenye saiti anayekulazimisha upakie faili nzima amechagua hivyo. Labda ni uvivu, labda anataka usubiri ukitazama matangazo, labda anataka sauti yenyewe. Sijui ni lipi, na wewe pia hujui. Ndio shida.

Lakini tuache bando kidogo, kuna kitu kibaya zaidi. Fikiria kile unachokata huwa ni nini. Si "testing" kila mara. Mama umemhoji kuhusu vile alitapeliwa kodi ya nyumba. Kabla hamjaanza rasmi, maiki ikiwa tayari imewashwa, amekutajia jina lake kamili, namba yake ya simu na ploti anayoishi. Amekuambia, "Hiyo usiweke, mwanangu." Ukamwahidi utaikata. Halafu ili uikate, kitu cha kwanza unachofanya ni kuituma, pamoja na zile nyingine zote, kwa mtu usiyemjua, kwenye sava usiyojua iko nchi gani. Kile kipande ulichoahidi hakitasikika na mtu ndicho kimesafiri mbali kuliko podkasti yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari zinazomtambulisha mtu kuwa data binafsi ya kulindwa, na ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya Kenya. Lakini hata bila sheria, manze, ulimwahidi mama wa watu.

Kuna wale watasema, "Si utumie tu MP3, ni ndogo." Ni ndogo kweli, lakini ukiikata na kuihifadhi upya programu nyingi zinaibana tena, na kila kubanwa kunakula sauti. Tunarekodi WAV ili tuwe na ya asili. Wengine watasema nunua laptopu uweke Audacity. Sawa, nitumie chapaa. Wengi wetu studio yetu nzima ni simu.

Kuna kurasa zinazofanya kazi humo humo ndani ya brauza. AudioMass ni mfano, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Nazo si malaika: nyingi za aina hii hufungua faili nzima kwa biti 32, kwa hivyo ile nusu saa yako inakula zaidi ya MB 630 za memori, na simu ndogo inazimia. Ukiona hivyo, rekodi vipande vifupi, au rekodi mono, ambayo ni nusu ya uzito. Maiki yako ni moja hata hivyo, stirio ya nini?

Kuwapima ni rahisi. Fungua ukurasa mpaka utulie, kisha zima data na waifai. Sasa chagua faili, kata, hifadhi. Ikikubali, kazi imefanyika kwenye simu yako. Funga ukurasa kabla hujawasha data. Ikigoma, usiipe sauti ya mtu.

Na nyinyi wenzangu mnaolipwa kutangaza hizi saiti za kukata "bure": fanyeni hilo jaribio mbele ya kamera, data ikiwa imezimwa, tuone.