Ruhusa ya Kuhukumu Bila Fedha za Kuhukumia

Mume ampigapo mkewe, swali la kwanza lingepaswa kuwa juu ya mke: yu salama? Katika ardhi za makabila ya Wamarekani wa asili, kwa muda wa miaka 35 swali la kwanza la sheria lilikuwa jingine: huyo mume ni mtu wa asili, au ni wa nje?

Chanzo ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1978, katika kesi ya Oliphant na kabila la Suquamish. Ilitamkwa humo kwamba mahakama za makabila hazina mamlaka ya jinai juu ya mtu asiye wa asili, hata akikosea ndani ya ardhi yao. Mwanamume wa nje aliyeoa katika kabila aliweza kumwumiza mkewe, na mahakama iliyo jirani na nyumba yake isimguse. Katika majimbo mengi shauri liliangukia waendesha mashtaka wa serikali kuu, aghalabu walio mji wa mbali. Na wakaguzi wa Bunge walikuta kwamba kati ya 2005 na 2009 hao walikataa kushtaki nusu ya mashauri yaliyowafikia kutoka ardhi hizo. (Wasomaji wetu wanaijua mahakama ya kadhi, ambayo nayo ina mipaka: ndoa, talaka na mirathi zimo, jinai haimo. Lakini mwenye kupiga hupelekwa kwa hakimu wa wilaya hiyo hiyo.)

Tarehe 7 Machi 2013 Rais Obama alitia saini sheria iliyorudisha sehemu ya mamlaka hayo, kwa makosa ya ukatili wa majumbani. Pascua Yaqui wa Arizona, Tulalip wa Washington na Umatilla wa Oregon walianza mwaka 2014. Masharti yalikuwa mazito: mshtakiwa asiye na uwezo alipiwe wakili na kabila, hakimu awe amesomea sheria, na jopo la raia waamuao hatia lisiwatenge watu wa nje. Sisi hatuyalaumu masharti hayo, kwani hata mtuhumiwa wa kitendo kiovu ana haki ya kusikilizwa. Ila wakili halipwi kwa dua.

Sheria iliidhinisha dola milioni 5 kila mwaka, kuanzia 2014 hadi 2018. Kuidhinisha si kutoa. Katika Bunge lile sheria huweka kiwango tu, na kura nyingine ya bajeti ndiyo ifunguayo mfuko. Mfuko ukabaki umefungwa hadi bajeti ya 2016, ndipo zikatoka milioni 2.5. Waliotangulia walikuwa wamekwisha kubeba mzigo wenyewe.

Baada ya miaka mitano makabila yaliyotumia mamlaka hayo yalikuwa 18, nchi ikiwa na zaidi ya 570. Fedha si sababu pekee, lakini ni sababu kubwa. Katika hayo 18 watu walikamatwa mara 143, hukumu za hatia zikawa 74, na watano wakaonekana hawana hatia. Lililotuchoma zaidi ni kwamba katika zaidi ya nusu ya matukio watoto walihusika, nayo sheria haikuruhusu mahakama kumshtaki baba wa nje kwa alichomtendea mtoto. Aliyempiga mama na mwana usiku mmoja alijibu kwa ajili ya mama peke yake.

Mwaka 2022 pengo hilo lilizibwa. Makosa dhidi ya watoto yaliingizwa, na ya kingono, na ya kuwashambulia maofisa wa haki wa kabila. Kiwango kilichoidhinishwa kikapanda hadi dola milioni 25 kwa mwaka, 2023 hadi 2027, na serikali kuu ikaruhusiwa kulirudishia kabila gharama zake, zikiwemo za kumweka mfungwa na kumtibu. Lakini neno ni kurudishia. Fedha hufuata baada ya kabila kutumia zake, na kabila dogo lisilo na akiba halina cha kutanguliza.