Vumbi la Kasulo
Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, mtaa wa kawaida tu wa mji wa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na watu wakaanza kuchimba mashimo uani kwao. Shimo likibomoka, mtaa mzima unasikia. Vumbi halina kelele. Vumbi hilo ndilo lililomshughulisha Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwamo wa Leuven, Ubelgiji. Walipima damu na mkojo wa wakazi, hata vumbi la majumbani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha wakazi hao wana kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa eneo la jirani lisilochimbwa. Waliozidiwa zaidi ni watoto, na kwao zilionekana pia dalili za vinasaba kudhurika. Sishangai: mtoto anatambaa chini, anatia mkono mdomoni, anakula mchanga. Kinachonikera ni kwamba madini yenyewe hupimwa ubora kabla mnunuzi hajatoa senti. Mama akimpeleka mwanawe kituo cha afya, atapimiwa malaria. Nani amewahi kuandikiwa kipimo cha kobalti?