Mabinti Twawafunza, Manyapara Je?

Kila likizo ya Desemba mimi huwafunza wasichana wa kanisa letu, hapa Kericho penye chai, namna ya kujihifadhi. Mmoja aliniuliza: nyapara akimtaka mama kimwili ndipo ampe kazi, naye nyumbani hana unga, ajihifadhi vipi? Nilinyamaza.

Mnamo Februari 2023, wanawake zaidi ya 70 waliieleza BBC jinsi walivyodhulumiwa na wasimamizi wao katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa na Unilever na James Finlay. Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera dhidi ya udhalimu huo. Mabinti hawakuijua, nasi walezi hatukuwa tumeisoma! Sasa twaisoma pamoja. Baba zao tumewaalika vilevile, kwani miongoni mwao, tusifichane, wamo manyapara.