Kariakoo, Kaburi Lisilo na Jiwe

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo sikuiti ufukweni wala kwenye ngoma. Nakuita makaburini. Najua wako watakaoguna, kwani kwetu mtu haendi makaburini ila ana maiti wa kumsindikiza au jamaa wa kumwombea dua. Wenzetu wa Ulaya huenda hata wasipokuwa na msiba. Mjini London watu hulipa kiingilio ili waingie makaburi ya Highgate, alikozikwa Karl Marx mwaka 1883. Mjini Paris makaburi ya Père-Lachaise, yaliyofunguliwa mwaka 1804, hupokea wageni mithili ya jumba la makumbusho. Watu hao huenda kusoma mawe, maana jiwe la kaburi ni ukurasa wa historia ya mji. Basi nasi na tusome mawe ya mji wetu, na tusipite bila kutazama pale ambapo jiwe halipo.

Safari yetu inaanzia Kariakoo. Utauliza: sokoni kuna kaburi gani? Subiri kidogo.

Mwaka 1976 bibi yangu mzaa mama alikuja mjini kutoka kijiji kimoja cha Rufiji. Soko jipya, lililochorwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli, lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia, na mimi nilijitia kimbelembele kumwonyesha paa lake refu la saruji. Bibi hakulitazama paa. Alisimama katikati ya watu, kikapu mkononi, akawaangalia wabeba mizigo wakipita na magunia vichwani. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: “Mjukuu wangu, hapa ndipo walipomleta kaka?”

Siku ile sikujua la kumjibu. Jibu nililipata baadaye, vitabuni. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba mwaka 1916, waliweka mahali hapa kambi ya kikosi chao cha wachukuzi. Kwa lugha yao kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, nazo ndimi za wazee wetu zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako kulikuwa na kambi ya namna hiyo, na mpaka leo kuna mtaa na soko la Kariokor.

Kwa nini vita vya Wazungu vilihitaji vichwa vya Waafrika? Kwa sababu bara la nchi yetu halikuwa na barabara za kupitisha magari, na kila farasi au nyumbu aliyepelekwa porini aliuawa na mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, dawa, mahema na hata vipande vya mizinga vilibebwa na binadamu. Waingereza waliandikisha wachukuzi wapatao milioni moja. Wako waliokwenda kwa ujira, na wako wengi waliokamatwa majumbani mwao. Wajerumani nao walichukua wa kwao, na hesabu yao haikuwekwa. Risasi haikuwaua wengi. Waliomalizwa zaidi ni wale walioshikwa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, huku wakitembea katika mvua na vyakula ambavyo matumbo yao hayakuvizoea. Wanahistoria hukadiria kwamba wachukuzi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa walikaribia laki moja. Aliyeanguka njiani mara nyingi aliachwa hapo hapo, na mzigo wake ukahamishiwa kichwani mwa mwenzake.

Kaka yake bibi alikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota. Alichukuliwa mwaka 1917, hakurudi.

Sasa tutoke Kariakoo, tupite Mnazi Mmoja, tushike njia ya mjini mpaka Barabara ya Samora. Pale katika makutano amesimama yule askari wa shaba nyeusi, bunduki yake ikielekea bandarini. Aliwekwa mwaka 1927, kazi ya mchonga sanamu James Alexander Stevenson, na maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Wengi wetu tumepita mbele yake miaka nenda miaka rudi tukikimbilia basi. Leo simama, uyasome maandishi yale pamoja na watoto wako. Utaona kwamba wachukuzi nao wametajwa. Lakini tafuta jina la mtu mmoja tu, hutaliona. Waliotengeneza ukumbusho waliamua kwamba Mwafrika yamtosha sanamu moja kwa wote, ilhali Mzungu aliyekufa katika vita hivyo hivyo atafutiwe jina lake, kikosi chake na jiwe lake.

Ukitaka kuhakikisha hayo kwa macho yako, panda daladala ya kwenda upande wa Mwenge. Yapata kilomita tano kutoka katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Bagamoyo, yako makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola. Ingia kwa adabu, msalimu mtunzaji, uwakataze watoto kukanyaga na kukalia mawe. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu. Makaburi haya hayakuanzia hapo. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Vikuu vya Kwanza yalihamishwa kutoka Barabara ya Ocean, ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama, ili kupisha ujenzi wa barabara mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mengine kama elfu moja yakaletwa kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, kwa kuwa huko hapakuwa tena na hakika ya kuyatunza.

Pita taratibu baina ya safu, usome: jina, cheo, kikosi, tarehe ya kufa. Utamhurumia kila mmoja, maana kijana ni kijana, na mama yake alimlilia. Halafu nenda kwenye makaburi ya pamoja. Wale waliozikwa katika viwanja vilivyotengwa kwa Wakristo Waafrika, kwa Waislamu na kwa wasio Wakristo hawakuwekewa alama mmoja mmoja tangu siku ya maziko. Ilipofika siku ya kuwahamisha haikuwezekana tena kujua yupi ni yupi. Wakazikwa upya kwa pamoja, na mbele ya kila kaburi ukajengwa ukuta wa ukumbusho.

Nilisimama mbele ya ukuta huo nikalikumbuka swali la bibi.

Mwezi Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa taarifa na kukiri kosa. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiutumikia ufalme wa Uingereza katika vita vile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika ya Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Ni vema. Lakini radhi haimrudishii mtu jina ambalo halikuandikwa popote.

Hapo ndipo neno langu la leo linapotufikia sisi wenyewe, ndugu msomaji. Tusiwalaumu wakoloni kisha tukafanya yale yale. Nenda Kisutu, nenda Kinondoni, utazame ni makaburi mangapi ambayo kibao chake kimeoza na maandishi yamefutwa na mvua, hali watoto wa marehemu wangali hai mjini humu. Nyumba ngapi za Gerezani, Ilala na Magomeni zina kijana anayeweza kutaja jina la babu wa baba yake na mahali alipolazwa? Wala sisemi tujenge makaburi ya fahari. Nasema tununue daftari. Muulize mzee aliyebaki, uandike jina, kijiji, mwaka na kaburi, ili mjukuu atakapouliza apate wa kumjibu.

Bibi alifariki bila kujibiwa. Ameniachia msahafu wake. Ndani ya jalada babu aliandika kwa herufi za Kiarabu majina ya jamaa wote, na mbele ya kila jina siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Mbele ya jina la kaka yake bibi nafasi ya pili ni tupu mpaka leo.

Kwa hiyo kesho utakapokwenda sokoni kununua mchele na nazi, na konda akipaza sauti “Kariakoo! Kariakoo!”, mjue anayemwita. Wale watu hawana jiwe, lakini kila siku mji mzima huwataja bila kujua. Sasa wewe unajua. Waambie na wanao.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.