Jiografia Yetu: Mto Lamia

Itazameni ramani upande wa kaskazini-magharibi wa milima ya Ruwenzori. Mtaona Kongo na Uganda zimetengwa kwa mstari mwembamba. Mstari huo ni maji. Ndio mto Lamia, mto mdogo uzaliwao mlimani, ushukao kwa kasi kati ya mawe, ukapita penye msitu na mashamba ya kakao, hata ukaingia katika Semliki. Kushoto kwake wakaa Watalinga wa Teritwari ya Beni. Kulia ni Bundibugyo, nchi ya Uganda.

Wengi hudhani kwamba mito yote ya Kongo huishia Banana. Lamia sivyo. Semliki huyachukua maji yake mpaka ziwa Albert, na toka huko hushika njia ya Nili hata Misri. Mvua inyeshayo magharibi zaidi, kwenye msitu wa Ituri, ndiyo iendayo katika mto Kongo. Basi mahali maji yanapoagana ni ndani ya nchi yetu, wala si pale penye forodha.

Waliouchagua Lamia uwe mpaka ni Waingereza na Wabelgiji, katika mapatano ya tarehe 3 Februari 1915. Waliandika kwamba mpaka ufuate mkondo wenye kina kirefu zaidi. Kwa mwenye kalamu ni kazi nyepesi: mto waonekana, hauhitaji nguzo. Lakini mto utokao mlimani hubeba mawe na mchanga. Mvua kubwa ikija, huziba njia yake wenyewe na kutoboa nyingine. Semliki nao, huko chini uwandani, hujipinda na kula kingo zake. Shamba lililokuwa ng'ambo hii laweza kuonekana ng'ambo ile, na mwenyewe hakuhama hata hatua moja. Amlipe nani kodi? Watoto wa shule hucheka wakiulizwa hivyo. Mwenye shamba hacheki.

Tena lugha ya Watalinga na ile ya Wabwisi wa Bundibugyo ni moja. Mwezi wa Julai 2013, waasi wa ADF walipoushambulia mji mdogo wa Kamango, watu zaidi ya 60,000 walikimbilia Bundibugyo, mama na watoto na mizigo kichwani. Wengi waliwakuta huko wenyeji wanaosema kama wao.